Moja Kumi na Saba

Mfagiaji wa chuo ndiye aliyemwona wa kwanza, kabla ya kengele ya asubuhi. Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya zege nyuma ya jengo la madarasa, mvua ikimnyeshea mgongoni, kiatu kimoja kimemtoka. Mfagiaji alidhani ni mlevi aliyeruka ukuta. Alipoinama na kuona shingo ilivyokaa, aliweka ufagio chini polepole, kana kwamba anaogopa kumwamsha, akaenda kumwita mlinzi.

Inspekta, mwanamke wa makamo, alifika saa mbili kasorobo, jino likimuuma tangu alfajiri na hasira ziko karibu. Alimfunika marehemu kwa turubai, akatazama juu. Ghorofa ya tatu, dirisha moja lilikuwa wazi, pazia limelowa na kunata ukutani.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mwalimu wa hesabu, afande," mlinzi alijibu. "Wanachuo wanamwita Mwalimu Baki. Kila akimaliza kugawa ubaoni lazima aulize, 'Baki ngapi?' Alibakiza mwaka mmoja astaafu."

"Jana aliingia saa ngapi?"

"Saa tisa mchana, jua linawaka. Akapanda darasani kwake kama kawaida, na sikumwona akishuka. Mvua ilianza saa kumi na mbili jioni na haijakatika mpaka sasa."

"Na nani mwingine aliingia?"

"Getini hakupita mtu baada ya mvua kuanza. Lakini walimu wanaokaa kwenye nyumba za chuo hawapiti getini. Wao wako ndani tayari."

Darasani, mlango ulikuwa umerudishiwa bila kufungwa. Viti vilipangwa vizuri. Juu ya meza kulikuwa na miwani, imekunjwa. Ubaoni, katikati kabisa, mtu alikuwa ameandika namba ndefu:

11111111111111111

Chini yake, kwa herufi kubwa zilizosimama kama vijiti: NI TASA. NIMECHOKA. BASI.

Sajini, aliyekuwa na Inspekta kwa miaka sita na aliyependa kesi zinazokwisha kabla ya chai, alivua kofia. "Afande, hapa hakuna kesi. Nimeshauliza huko chini. Mzee hakuwahi kupata mtoto. Ndoa ya miaka thelathini, nyumba kimya. Mtu akikaa na jambo hilo rohoni, siku moja linamzidi. Ameandika mwenyewe, akafungua dirisha."

"Na hiyo namba?"

"Namba ndiyo kazi yake, afande. Fundi seremala angechora kiti."

Inspekta hakucheka. Alizihesabu moja zile kwa ncha ya kalamu, akapata kumi na saba. Kisha akasogea upande wa kulia wa ubao. Kushoto ubao ulikuwa na vumbi jeupe la siku nyingi, kama ubao wowote. Kulia ulikuwa mweusi unaong'aa, na chaki ilikuwa imeganda kwa mistari ya mviringo, alama ya kitambaa kilicholowa. Kifutio cha ubao kilikuwa mahali pake, kikavu, kimejaa unga.

"Sajini, njoo. Hapa pamefutwa na nini?"

"Na kitu chenye maji."

"Mwalimu aliingia jua linawaka, hakutoka tena. Chumba hiki hakina bomba. Dirisha liko mbali na ubao, na sakafu hapa katikati ni kavu. Maji yalitoka wapi?"

Sajini alikuna kidevu. "Kwenye nguo ya mtu aliyetoka mvuani."

"Mtu aliyekuja baada ya saa kumi na mbili, akafuta kitu kwa mkono wa koti lake."

Alichuchumaa. Chini kabisa, pembeni ambako ubao unakutana na fremu, koti halikufika vizuri. Zilikuwa zimesalia tarakimu tatu, hafifu lakini zinasomeka: 357. Ulikuwa mkia wa kitu kirefu.

*

Mkuu wa idara ya hesabu aliwapokea ofisini kwake akiwa na sauti ya msiba na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mvi zimechanwa kwa mstari. Nyuma ya kiti chake, dirishani, ulionekana ukumbi mpya wa mihadhara uliokuwa ukimaliziwa kupakwa rangi. Juu ya mlango wa ukumbi huo, kwenye jiwe jeusi, zilichongwa moja kumi na saba.

"Ile ndiyo namba iliyo ubaoni," Inspekta alisema.

"Ndiyo hiyo. Ni namba yangu, ukiniruhusu kusema hivyo." Alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka msiba. "Unajua maana ya namba tasa, Inspekta?"

"Nikumbushe. Shule niliiacha zamani."

"Ni namba isiyogawanyika kwa namba yoyote bila baki, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa. Kumi na tano si tasa, kwa sababu ni tatu mara tano, na hiyo tatu na tano tunaziita vigawo vyake. Kwa namba ndogo hata mtoto atakwambia. Kwa namba kubwa kama ile, mtu anaweza kuzeeka akitafuta. Mimi nilithibitisha kwamba ni tasa nikiwa kijana. Ndiyo kazi iliyonipa kiti hiki. Jumamosi ukumbi unafunguliwa, unapewa jina langu."

"Na marehemu alikuwa anafanya nini na namba yako?"

"Alikuwa hakubali. Tuligombea kiti hiki pamoja miaka ile, yeye akakosa. Tangu hapo alikuwa akitafuta kigawo, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea baharini. Bila mashine ya maana, kwa kalamu tu. Nadhani jana alikubali. Yanaumiza, lakini ndivyo."

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Jana asubuhi, chumba cha walimu. Jioni nilikuwa nyumbani kwangu, hapo nyuma, nasoma."

"Peke yako?"

"Mke wangu amesafiri. Peke yangu."

Walipotoka Sajini alisema, "Huyu anajipenda mpaka anajikosea heshima. Lakini kujipenda si kosa la jinai."

"Bado," Inspekta alisema, akishika shavu.

*

Aliyeonekana mbaya zaidi ni mdogo wake marehemu. Mlinzi alikula kiapo kwamba jana yake, saa tisa, marehemu alipokuwa akiingia, ndugu hao walirushiana maneno getini mpaka wanachuo wakakusanyika, na kwamba neno moja lilisikika mpaka barabarani. Lilikuwa neno lile lile lililoandikwa ubaoni.

Walimkuta hospitali, wodi ya watoto, amekaa kwenye benchi la mbao karibu na kitanda cha mwanawe. Alikuwa dereva wa lori, bonge la mtu, na macho yalikuwa yamevimba.

"Nilisema, dada, sitakataa," alimwambia Inspekta. "Nilimwambia, 'Kaka, mwache huyo tasa wako, oa mwingine, ukoo usiishie kwako.' Nimemwambia hivyo miaka na miaka. Jana nilikuwa na hofu ya huyu mtoto, nikamwendea anisaidie mawazo, nikaishia kumtukania mke."

"Yeye alisemaje?"

"Hakunijibu kwa hasira. Ndilo linaloniua. Alinishika mkono, akaniambia, 'Nenda kwa mwanao, nitakuja kesho. Leo sitaki kugombana na mtu, leo nina furaha.'"

"Furaha ya nini?"

"Sikumuuliza. Niligeuka nikaondoka zangu."

"Jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Muulize muuguzi. Tangu saa kumi na moja sijatoka hata kwenda msalani bila kumwomba amwangalie mtoto."

Muuguzi alithibitisha kila neno, akaongeza kwamba usiku mzima dereva yule alikuwa akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi. Sajini alimfuta kichwani mwake. Nje ya wodi alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Mtu mwenye furaha haruki dirishani, afande."

"Haruki."

*

Mke wa marehemu alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na cha mbele kilijaa vitambaa vya watu: gauni lisilo na mikono, suruali iliyobandikwa pini. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa chini, wamejitanda. Yeye alikuwa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, hafanyi lolote. Inspekta aliomba waongee wawili tu, wakahamia chumba cha ndani.

"Mama, pole sana. Sitakuchosha. Wamekwambia kilichoandikwa ubaoni?"

"Wameniambia aliacha maneno. Hawakuniambia yapi. Wananionea huruma."

Inspekta alisita, kisha akamwambia.

Mwanamke yule hakutoa chozi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu kama anayekataa bei. "Hakuandika yeye."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Neno hilo halikutamkwa ndani ya nyumba hii, mwanangu. Nimeitwa hivyo na mama mkwe wangu, nimeitwa na shemeji yangu, nimeitwa sokoni na watu nisiowajua. Mwaka wa tano wa ndoa yetu nilimwambia mume wangu, kila ukitoka kufundisha unalitaja neno hilo mara mia, na mimi nalisikia hata usipokuwepo. Tangu siku ile aliliacha. Hata darasani. Alisema 'namba ya peke yake'. Waulize wanafunzi wake wote. Walimcheka kwa hilo, wengine walikosa alama kwenye mitihani ya nje kwa kutumia maneno yake. Hakulirudia. Sasa aje alichague kuwa neno la mwisho la maisha yake, aniachie mimi?"

Inspekta alihisi jino limenyamaza kwa mara ya kwanza siku nzima. "Jana alikuja nyumbani?"

"Alikuja kula mchana. Hakula. Alizunguka humu ndani kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akaniambia, 'Mke wangu, walituambia ile namba haina mtoto. Inao. Inao wawili.' Nikadhani ameanza kuchanganyikiwa. Akanikalisha pale. 'Mmoja mkubwa, sitakusumbua naye. Lakini mdogo nataka umjue.' Akanitajia tarakimu zake, akanirudisha mwanzo, akanirudisha tena, kama unavyomfundisha mtu namba ya simu, mpaka nikaweza."

"Unazikumbuka?"

"Mbili, sifuri, saba, moja, saba, mbili, tatu."

Akasema polepole, kila tarakimu peke yake. Hapo ndipo alipolia.

*

Kituoni, Inspekta alifunga mlango wa ofisi akaweka karatasi mezani. Zile moja kumi na saba aliziandika kwa upana. Kando akaandika 2071723.

"Unajua kugawa kwa njia ndefu?" alimuuliza Sajini.

"Nilijua kabla ya kuoa."

Wakaanza, yeye akigawa, Sajini akihakiki kuzidisha. Tano ikaingia, ikabaki laki saba na ushei. Wakashusha moja nyingine, ikaingia tatu, kisha sita. Wakakosea mahali, wakarudi nyuma. Chai ilipoa kwenye vikombe. Kila wakishusha moja mpya, Sajini alikuwa akisogeza kiti karibu zaidi bila kujua. Waliposhusha moja ya mwisho ikaingia saba, na chini yake hapakubaki kitu.

"Sifuri," Sajini alisema.

Jibu lilikuwa 5363222357. Inspekta alipiga mstari chini ya tarakimu tatu za mwisho. Tatu, tano, saba.

Sajini aliivuta karatasi kwake. "Kwa hiyo namba si tasa. Na mzee alijua si tasa. Aliandika hesabu yote ubaoni, na aliyekuja na koti bichi akaifuta, akaacha namba peke yake na uongo chini yake." Aliigonga ile 357 kwa kidole. "Na kuna mtu mmoja tu ambaye uongo huo unamfaa."

"Kufaa si ushahidi. Atasema hajawahi kuziona namba hizi maishani mwake. Lazima anionyeshe mwenyewe kwamba amewahi kuziona."

*

Siku iliyofuata, saa tisa mchana, Mkuu wa idara alikuja darasani kwa marehemu kama alivyoombwa. Mvua ilikuwa bado inanyesha, nyembamba, isiyo na haraka. Sajini alisimama mlangoni. Ubao ulikuwa umeshapigwa picha na kusafishwa. Inspekta alikuwa ameandika upya zile moja kumi na saba.

"Nisaidie kitu kidogo nifunge jalada," alisema. "Kwa kauli yako, namba hii ni tasa?"

"Ni tasa."

"Haina kigawo chochote?"

"Hakuna. Nimeshakueleza."

"Na hujawahi kuonyeshwa na mtu yeyote kigawo chake. Si na marehemu, si na mwingine."

"Sijawahi. Kisichokuwepo hakionyeshwi."

"Andika, Sajini." Kisha akageukia ubao. "Mke wa marehemu ananisumbua. Anasema mumewe alipata vigawo viwili, na kimoja alimfundisha mpaka akakikariri. Nataka nimwonyeshe kwamba si kweli, asiendelee kuteseka. Alinitajia hivi." Akaandika, kwa mkono wa mtu asiyezoea chaki: 2071733. Pembeni, alama ya kuzidisha. Chini yake, 5363222357. "Kwa hiyo naanza na tarakimu za mwisho. Saba mara tatu, ishirini na moja. Naandika moja, naweka mbili. Inaanza vizuri, sivyo?"

Mkuu wa idara alikuwa ameshika tama, macho kwenye chaki.

"Saba mara tatu ya pili, ishirini na moja, na mbili, ishirini na tatu. Naandika tatu."

"Mbili," alisema Mkuu wa idara.

"Nini mbili?"

"Umekosea namba. Si tatu tatu mwishoni. Ni mbili tatu. Saba mara mbili, kumi na nne, na mbili, kumi na..." Akaacha.

Inspekta alikung'uta chaki vidoleni. Mvua ilisikika kwenye vioo.

"Nilibadilisha tarakimu moja makusudi," alisema. "Tarakimu ya mwisho nikaiacha tatu, ili hesabu ianze vizuri, na ni anayezijua namba hizi tu angeweza kusema iliyobadilika ni ipi. Mke wa marehemu anaijua ya kweli. Mimi na Sajini tunaijua, kwa kuwa tulikaa nayo mpaka chai ikapoa. Wewe umeijua wapi? Sasa hivi umesema haipo."

"Ningeweza kuhesabu kichwani."

"Ungeweza. Ukahesabu kigawo cha namba ambayo jana na leo umesema haina kigawo, na Jumamosi unafungua ukumbi wenye namba hiyo mlangoni. Usijitese. Koti lako tumelichukua nyumbani kwako leo asubuhi kwa hati ya upekuzi. Umelifua, lakini chaki imekaa ndani ya mshono wa mkono wa kulia."

Mkuu wa idara alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakagonga meza.

"Unajua kigawo chochote cha namba ile lazima kibakize moja ukikigawa kwa thelathini na nne?" alisema. "Kwa hiyo hujaribu zote. Unaruka, unaruka. Nilikuwa kijana. Nilijaribu miaka mitatu, usiku na mchana, nikafika milioni mbili. Ilibidi nifike mbali sana zaidi ya hapo, zaidi ya milioni mia moja. Mkono ukanikataa. Kiti kilikuwa wazi, walitaka kazi mezani. Nikaandika kwamba nimethibitisha. Hakuna aliyekuwa na uvumilivu wa kunihakiki. Hakuna ila yeye."

"Ukasimama milioni mbili."

"Milioni mbili kamili. Na kigawo kiko milioni mbili na elfu sabini na moja na ushei." Alifunika uso. "Ningeendelea wiki chache tu. Kilikuwa mbele yangu pale."

"Juzi jioni kulikuwaje?"

"Alinipigia simu ya ndani akasema njoo nikuonyeshe kitu. Nikaja kwenye mvua. Alikuwa ameandika yote, zile mbili, na kuzidisha kwake. Nikamwomba asubiri Jumamosi ipite. Jumamosi tu. Akasema hawezi kusubiri, amemwahidi mkewe ataitangaza mbele ya darasa lote kesho yake asubuhi. Sikumwelewa. Mke anahusikaje na namba? Akasema hanitakii ubaya, tutaitangaza pamoja, nitaonekana mkubwa zaidi kwa kukubali. Alikuwa anacheka. Hakunicheka mimi. Alikuwa anacheka tu. Kisha akavua miwani, akaenda dirishani kufungua, vumbi la chaki lilikuwa linambana kifua. Akainama nje kuvuta hewa."

Hakumaliza, na Inspekta hakumlazimisha. Sajini alimsimamisha kwa kiwiko, karibu kwa upole.

"Neno lile ubaoni," Inspekta aliuliza. "Ulijua watu watalisoma vipi?"

"Nilijua," Mkuu wa idara alijibu. "Wote chuoni walijua hana mtoto. Niliona wataelewa upesi."

*

Inspekta alikwenda mwenyewe kumwambia mjane. Wageni walikuwa wamepungua. Shemeji yake, yule dereva, alikuwa amekaa kizingitini na mtoto aliyetoka hospitali amemlalia begani. Alisimama kumpisha Inspekta. Ndani, mwanamke alikuwa akishona sanda kwa mkono, amekataa kusaidiwa.

Alisikiliza yote bila kuinua macho. Kuhusu jiwe la ukumbini hakuuliza, wala kuhusu kifungo.

"Alimsukuma kwa mbele au kwa nyuma?" aliuliza mwishowe.

Inspekta alijua kwa nini anaulizwa, akashukuru kwamba jibu la kweli ndilo hilo. "Kwa nyuma, mama. Alikuwa ametazama nje."

"Basi hakumwona."

"Hakumwona."

"Na alikuwa anacheka?"

"Muda mfupi kabla. Amesema mwenyewe."

Mwanamke aliuvuta uzi mpaka ukakaza, akaukata kwa meno. Akautafuta mwanzo wa uzi mwingine kwenye kibonge, akashindwa kuupitisha kwenye tundu la sindano. Akajaribu tena. Inspekta alisogeza kigoda, akaichukua sindano mkononi mwake, akautunga uzi, akamrudishia.